Tia, Meza, Kome

Mimi si mwalimu. Nasema mapema, msije mkaniuliza cheti.
Mimi ni mpishi wa uji, chekechea ya Igogo,
pale mawe yalipopandana
kama vyungu vya mtu aliyehama usiku.
Kihispania nilikiokota jikoni kwa masista, Nyegezi,
miaka kumi na mmoja nikimenya vitunguu,
Sista Remedios akinisahihisha bila kuinua macho kwenye sufuria.
Alipoondoka aliniachia kikaango chenye mpini wa waya
na maneno mia mbili hivi, mengi ya kuliwa.

Saa nne, uji ukishanywewa, watoto hunizunguka.
Naanza na yale yenye pacha kwetu.
Mesa ni meza. Wanacheka: hiyo tunayo!
Tía ni shangazi. Basi Wande, miaka mitano,
ananielekezea mwiko: Tia, tía! Tia chumvi, tía!
Nami natia.
Chumvi ni sal. Majura akasikia “sali”,
akafumba macho, akakunja mikono mbele ya jiko,
ikabidi tungoje mpaka aseme amina.
Agua ni maji. Kwandu akabisha:
bibi yake huagua watu kwa maji,
kwa hiyo neno ni la kwao, limeibwa.
(Liko moja, linafanana na kaka, hilo nimelificha.
Watalipata ukubwani, na watanicheka.)

Hadithi ni ile ile, huigeuza mkia tu.
Sato mmoja alisikia kuna maji yenye chumvi.
Ziwa letu, akasema, ni agua tupu, halina ladha.
Akafunga safari kuitafuta sal.
Saanane, swala wakampa ajo;
nami hapo nanyoosha kiganja,
na asiyetaja jina la kitunguu saumu hakitupi sufuriani.
Ukerewe wakampa tomate.
Cebolla tuliililia sote, na sato naye,
ingawa machozi ya samaki nani ameyaona.
Mwisho anafika Kome. Nanyanyua kijiko:
come, huandikwa kwa c, hutamkwa kama kisiwa,
maana yake, kula!
Mabakuli yanagongwa: Kome! Kome! Kome!

Alhamisi alikuja baba yake Wande,
buti za Mwaloni, magamba yamekaukia kwenye soli.
Mama, akaniambia, mtoto Kiingereza hajakijua,
Kisukuma cha bibi yake kinampiga chenga,
wewe unamjaza lugha ya watu wa mpira.
Itamfikisha wapi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na supu.
Nikampakulia, akakataa, akabaki mlangoni.
Wande akamshika kidole, akamwamuru:
Baba, come.

Alinyamaza.
Nani kakwambia habari za Kome?
Sauti ya mtu aliyeguswa kidonda gizani.
Hakuwahi kumtajia mtoto kile kisiwa,
wala mtumbwi uliotoka na watatu ukarudi na mmoja.
Hayo nami niliyajua baadaye, nusu nusu, kwa jirani.
Wande hakuelewa swali. Akarudia polepole,
kama mtu anavyomrudilia mzito wa kusikia:
Come, baba. Come.
Akamtia kijiko mkononi.

Ningeweza kusema ni neno tu.
Nikakoroga supu isiyohitaji kukorogwa.
Akaketi kwenye kiti cha chekechea,
magoti yakimfikia kifuani,
akala. Hakusema kama imekolea.

Jumatatu Wande alinikatiza kabla sijafika Ukerewe.
Umekosea, tía. Sato hakwenda Kome.
Kwao ni huko, alizaliwa huko, ana nyumba ya manyasi,
baba ameniambia.
Nikauliza: na chumvi je, aliipata?
Akachungulia sufuria,
akaangalia mkebe, akaniangalia mimi.

Tia tu, tía.