Sekunde Kumi na Moja

Trondheim, chumba cha majaribio. Mgonjwa ni wa plastiki,
lakini jasho la daktari ni jasho kweli kweli.
Eldbjørg anarudisha mkanda nyuma, mara ya nne:
muuguzi kijana ameona bomba limeingia siko,
amefungua kinywa,
akamtazama mkubwa wake,
akakifumba.
Sekunde kumi na moja. Anaziandika kwa penseli.

Jioni barabara imeganda barafu. Mumewe yu usukanini,
jicho moja kwenye simu.
Taa nyekundu za lori zinakua.
Eldbjørg anafungua kinywa
(anamjua akikosolewa)
moja, mbili,
tatu.

"Sverre. Breki!"

Nyumbani supu inapoa, hakuna anayesema.
Anavuta daftari, chini ya ile kumi na moja
anaongeza mstari:
Na mimi, tatu.