Muhuri

Miaka kumi na tisa pale zahanati ya Kayole
Sista Kwamboka aliweka sikio kifuani,
akajua ugonjwa, akajua dawa na kipimo,
akaandika kwa penseli pembeni mwa kadi
ili daktari wa Alhamisi apitishe wino juu yake.

Mtoto wa Mwikali aliletwa Jumamosi.
Alhamisi hakuifikia.

Leo muhuri umekuja, una jina lake,
umeviringishwa gazetini kama kipande cha sabuni.
"Daktari yuko wapi?" mama mmoja anachungulia.
"Keti. Mfunue mtoto."

Anasikiliza. Anaandika kwa wino.
Muhuri unagonga meza,
foleni nzima inageuza shingo.

Penseli ingali mfukoni.
Haijachongwa tangu Jumamosi ile.