Pima Tena

Vioo viwili, vyembamba kama ukucha,
nimevifunga kwa kipande cha kanga yake
nikavitia ndani ya mkebe wa halua ya Wete,
mtupu, ila iliki haijatoka.
Humo mna Halati Time, kiasi cha punje ya mchele,
katiwa rangi ya zambarau
ili wasiomjua wamsome.

Karatasi ya Chake ina mstari mmoja:
*Haikubainika. Saratani haiwezi kukanushwa.*
Haiwezi kukanushwa! Kama shahidi
aliyemuona mwizi kwa mgongo.
Daktari, kijana mwenye macho ya kukesha,
alisema tuanze dawa, tusichelewe.
Kisha, sauti chini, mlango keshaurudisha:
"Lakini angekuwa mama yangu mie,
ningetafuta jicho jengine."

Nyumbani Mtambwe, Kombo akakasirika.
Kumuuliza wa pili ni kumtukana wa kwanza.
Jirani akasema maradhi yale
(jina hakulitaja)
ukiyafukua, yanaamka.

Halati yuko juu ya jamvi, anachambua karafuu,
makonyo huku, punje kule, uso hakuinua.
"Mwaka ule karani alinambia daraja la tatu.
Nikamwambia, pima tena.
Akasema, mizani haidanganyi.
Nikamwambia, mizani haina mkono, wewe unao.
Teremsha gunia, tuanze upya."

"Ikawaje?"

"Ikawa la tatu vile vile."
Akacheka mpaka akakohoa, akajishika ubavu
pale pale walipomchoma sindano.
"Lakini usiku ule nililala."

Basi nikapanda meli Mkoani, mkebe mapajani.
Mama mmoja mwenye kuku kwenye tenga
akanusa, akatabasamu: "Halua hiyo?"
Nikasema ndiyo.
Akangoja nimkatie. Nikatazama dirishani
mpaka Unguja.

Mnazi Mmoja, ghorofani, Bi Shemsa wa maabara
alivua miwani, akainamia hadubini.
Alikaa muda wa kuosha vyombo vya harusi.
Nikahesabu vigae. Nikavihesabu kinyume.
"Aliyeandika hajui," akasema, "hakukosea.
Na mie sitokuongopea.
Niletee nyama iliyobaki kwenye nta,
niikate upya, niitie rangi nyengine,
na Dar nao waione.
Wiki tatu."

Nje, jua la saa saba. Simu ikaita mara moja tu.
"Wamesemaje?"
"Hawajui, Halati.
Ila hawa hawajui kwa uangalifu zaidi."

Kimya. Nikasikia karafuu zinaanguka kwenye pakacha,
moja, halafu nyingi,
halafu moja.

"Vioo wamebaki navyo?"
"Wamebaki navyo."
"Basi pitia Darajani. Mkebe wa watu
haurudi mtupu."