Fungu la Kupotea

Karatasi ni ile ya kukatia kola,
ya kaki, imekunjwa mara nne.
Juu nimeandika GOMBE kwa chaki ya kitambaa,
chini yake kwa kalamu, maana chaki hufutika
na mimi nimeshafutika vya kutosha.

Nauli ya boti kutoka Kibirizi: sketi mbili za marinda.
Kurudi: mbili tena.
Sihesabu kwa shilingi. Shilingi huniponyoka
kabla sijaipiga pindo. Nahesabu kwa sare za shule.
Kiingilio, bei ya mwananchi: mashati matatu na vifungo vyake,
mara mbili, kwa kuwa Mama anakuja.
Mwongozaji: suruali moja, ya mtoto mnene.
Kulala...
hapo nikasimama, pini mdomoni.

Mwaka juzi alikuja mgeni, zipu imemkatikia njiani.
Akakaa kwenye kibenchi changu pale Mwanga, taulo kiunoni,
akanitajia alicholipa kwa siku tatu za kutazama sokwe.
Nikakigeuza kichwani: shule nzima ya msingi,
la kwanza hadi la saba,
na walimu nawashonea bure.
Nikamtoza elfu mbili ya zipu.
Akasema ghali.

Mimi nimezaliwa hapahapa.
Siku isiyo na ukungu, ukisimama Kibirizi,
milima ile unaiona kama nguo iliyoanikwa kwa jirani:
rangi yake unaijua, hujawahi kuigusa.

Januari shule zilifunguliwa, kopo likajaa.
Februari paa likavuja juu ya cherehani.
Nikafuta kulala.
Julai, Bukuru akapangiwa kidato cha tano, Kasulu:
godoro, ndoo, jembe, reki.
Nani anasoma kwa reki?
Nikamfuta mwongozaji. Nikaambiwa bila yeye huingii.
Nikamwandika upya, nikafuta chakula,
nikakirudisha, nikakifuta,
hadi karatasi ikatoboka pale penye chakula.

Mama alikuwa anachambua maharage.
Bi Nyabenda hakusoma, ila aliuza mawese miaka thelathini,
Mwandiga hadi sokoni, kichwani,
na hakuna debe lililowahi kumdanganya.
"Soma."
Nikasoma.
"Umesahau fungu moja."
Lipi?
"La kupotea.
Kila debe nililobeba, kuna kilichomwagika.
Nilipokuwa sikihesabu, nilirudi nyumbani na hasira.
Nilipoanza kukihesabu, nilirudi na chumvi."

Nikaandika: ya kupotea, shati moja lisilo na mfuko.

Tulikwenda Septemba,
ugali kwenye hotpoti, migebuka ya kukaanga kwenye gazeti.
Barakoa nilizishona mwenyewe; kwenye karatasi hazimo.
Mama alipanda mlima kwa magoti na kwa matusi,
yule kijana mwongozaji akimvuta mkono, akimwita bibi,
naye akimwambia bibi yako yuko kwenu.
Saa ya kwanza, majani. Saa ya tatu, majani.
Nikaanza kutoa moyoni: shati, shati, sketi, suruali ya mtoto mnene.

Ndipo tawi likavunjika juu yetu.

Jike zima, mwanawe mgongoni, akashuka bila haraka
kama mwenye nyumba anayekuja kuona nani kabisha hodi.
Akakaa umbali wa doti tatu za kanga,
akamlaza mtoto, akaanza kumchambua kichwa,
nywele kwa nywele,
vile Mama alivyonichambua mimi nikirudi shule, kila Ijumaa,
katikati ya mapaja yake, huku napiga kelele.

Mama hakusema kitu.
Aliniwekea tu mkono kichwani, juu ya kilemba,
akauacha hapo.

Ilikuwa dakika ngapi, sijui. Kijana ndiye mwenye saa.

Usiku, nyumbani, nikaikunjua karatasi.
Shati lisilo na mfuko lipo palepale, zima.
Nikaigeuza upande wa pili, ule mweupe kidogo.
Juu: MAHALE.
Chini yake, kabla ya nauli, kabla ya kulala,
kabla sijaanza kuogopa,
kwa kalamu:
ya kupotea, mashati mawili.