Kumbukumbu za Kikao, Ukumbi wa Chaani

Ratiba niliichapa mwenyewe:
sala, utambulisho, hotuba,
watoto (burudani), soda, kufunga.

Walikuja kumi na watatu, na sare zilizofuliwa usiku
zikavaliwa na unyevu wake.
Viti vilikuwa vya watu wazima. Miguu ikaning'inia,
viatu vikigongana kama vikombe kwenye sinia.

Mwenyekiti akasema, Haya, tuimbieni.

Hawakuimba.
Nyevu Mwachiro, wa gredi ya sita, akamtazama Shee,
Shee akamtazama Kadzo,
wakakunjua juu ya meza, juu ya karatasi zetu,
juu ya miwani ya mheshimiwa,
magunia manne ya unga yaliyoshonwa pamoja,
na kwenye magunia, kwa makaa na rangi ya kucha,
wadi yetu.

Mimi ramani nazijua. Ofisini ninayo ya wadi,
ina mihuri mitatu, kaskazini iko juu,
barabara ni mistari miwili isiyo na vumbi wala honi.
Hii yao, kaskazini ilikuwa shuleni.
Wala kipimo chake si mita.
"Hapa ni pumzi mbili," Nyevu alisema,
kijiti chake kimesimama kwenye barabara ya matrela.
"Moja unaivuta ukingoni.
Ya pili huivuti mpaka ufike ng'ambo."

Pembeni, kwa mwandiko wa Shee, maana ya alama:
duara jeusi, mtaro usio na mfuniko;
duara lenye mkono, pale alipotumbukia Tabu;
nyota, askari wa godauni anayetuachia maji;
mstari mwekundu, njia ya kupita mkiwa wengi.
Ya kupita peke yako haikuwa na alama.

Na mraba mmoja mkubwa, mtupu.
Mheshimiwa akauliza, Hapa mmesahau kuchora?
"Hatukusahau. Palikuwa na uwanja. Sasa pana mabati,
na ndani hatuoni."

Mtu akakohoa. Feni likazunguka, likakwama, likazunguka.
Bwana wa bajeti akasema watoto wana fungu lao,
na fungu limeishia kwenye fulana za Siku ya Mtoto.
Mwingine, akicheka, kutoka nyuma:
Si mnajua, mtoto akililia wembe, mpe!
"Hatulilii wembe," akasema Kadzo.
"Tunalilia matuta."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Nilikuwa nishaandika: *Watoto walitumbuiza.*
Kadzo, mdogo kuliko wote, alikaa ubavuni pangu,
akaisoma kwa kidole, wa-li-tu-mbu-i-za,
akaniuliza kwa sauti ya chini,
kama anayekwambia zipu yako iko wazi:
"Tuliimba saa ngapi?"

Nikakata. Mstari mmoja tu, ili kilichokatwa kionekane.
Nikaandika: *Wakazi kumi na watatu waliwasilisha hoja.*
Nikaomba majina, nikayaandika kamili,
la baba, au la mama kwa asiyetaja baba.
Hoja ikapata namba.
Kwetu namba ndiyo mlango; kisicho na namba hulala nje.

Imepita miezi saba. Matuta yamewekwa,
hatua thelathini kutoka pale walipoonyesha,
kwa kuwa mhandisi aliifuata ramani yenye mihuri.
Mabati yangalipo. Mtaro mmoja umefunikwa,
ule ulio mbele ya benki.

Jana alasiri nimewakuta wamechuchumaa kando ya lami
na chaki na kamba ya katani,
wanapima kutoka kwenye tuta hadi kivukoni pao,
Tabu ameshika ncha kwa mkono uliopona.
"Karani!" Nyevu akaniita. "Kikao kijacho lini?"
Nikamtajia tarehe.
"Na sisi tuko wapi kwenye ratiba?"

Sijaichapa bado, nikasema.

Akanipa chaki.