Nyumba ya Madirisha Saba

Saa nne asubuhi, ghala la tumbaku, Urambo.
Mikono yangu inapanga majani kwa madaraja.
Mimi sipo.
Niko kwenye nyumba yangu ya madirisha saba,
sakafu naipiga deki kila siku bila ndoo,
wageni wanakula, hakuna anayeaga.

"Kalunde! Jani bovu hilo!"
Narudi. Bovu kweli.

Daktari wa Kitete, kijana mwenye kalamu isiyoandika,
hakunikataza kuota.
Aliuliza tu:
"Kwenye nyumba hiyo, mama yako analala chumba gani?"

Nikataja jiko, baraza, stoo ya asali.
Nikahesabu vitanda kwa vidole vyenye ulimbo wa tumbaku.
Nikaanza upya.

Miaka ishirini najenga,
mpaka rangi, mpaka bawaba,
kumbe nyumba nzima ilikuwa mlango mmoja
wa kumzuia mtu mmoja kubisha hodi.

Leo nimekwenda tena, jani mkononi.
Nyumba ipo. Wali unaiva.
Nje kuna mtu anakohoa,
kikohozi cha ghalani, nakijua.
Sijafungua.
Nimesogea tu
karibu na kitasa.