Kicheko cha Ragnfrid

Mjini Bergen mvua haiombi ruhusa.
Ragnfrid aliomba. Miaka thelathini
alichekea ndani ya mkono wa sweta,
kwa kuwa mama mkwe aliwahi kusema:
"Mwanamke hakohoi furaha mezani."

Alhamisi, kwenye foleni ya mkate,
mbwa wa mtu akaiba soseji
na kicheko kikamponyoka,
kikubwa, cha puani,
kama bawaba isiyojua mafuta.
Watu wakageuka.
Akakipokea kama mtoto aliyepotelea sokoni:
kumbe umekuwa hivi!

Hakuziba mdomo.

Nawe uliyejikunja ukatoshea droo ya watu,
sikwambii piga kelele.
Nauliza tu:
sauti yako umeiweka wapi,
na huo mkono wa sweta
haujachoka kulowa?